Hivi reli ya SGR imeshikwa na vile vispringi tu? Mafundi njooni mnieleweshe

FundiGeti_Tabata
Wakuu habari za jioni, poleni na foleni. Nina swali linanisumbua wiki ya pili sasa, nikiuliza kijiweni wananicheka.

Mimi ni fundi mageti, niko Tabata. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Morogoro nikapanda SGR, treni ikasimama Pugu mimi niko dirishani nachungulia njia ya pembeni. Sasa jamani, ile reli nzito vile imelala juu ya taruma la zege, lile gogo linalokatiza chini ya reli, halafu kilichoishika ni vijichuma viwili vimekunjwakunjwa kama pini ya nywele, kimoja ndani kimoja nje. Basi! Sikuona mkanda wa chuma, sikuona kulehemu, sikuona kitu kizito. Treni yenyewe inakimbia 160 kwa saa na mimi nimo ndani na nyama ya msiba tumboni.

Sababu ya kuuliza siyo uoga tu. Nina geti la kusukuma Kinyerezi, nimeweka reli ya engo juu ya zege, nimeifunga bolti kila nusu mita, nimekaza mpaka spana inalia. Imelegea mara tatu. Mara ya mwisho zege limepasuka pembeni ya bolti mbili. Mteja ananiita tapeli. Sasa najiuliza, mimi na mabolti yangu nashindwa kushika geti, wao na pini za nywele wanashika treni, wananizidi nini?

Kijiwe_Sugu
😂😂 mkuu ungeshuka hapohapo Pugu upande daladala

BintiKurasini
Na mimi nisaidiwe hapohapo, kwa nini SGR haina ule mlio wa ta-ta, ta-ta, ta-ta? Nimekua na treni za Tazara mlangoni, nilivyopanda hii nikahisi kama imezimwa.

JiweLaPugu
Ni rahisi tu. Taruma moja la zege ni kilo mia mbili na kitu mpaka mia tatu, uzito ndo unashika kila kitu. Vile vichuma ni kuzuia reli isiteleze pembeni tu. Uzi ufungwe.

Pedi_na_Kokoto
Uzi usifungwe kwanza 😅 Jiwe umesema nusu. Uzito wa taruma na kokoto unazuia *njia* isihame, lakini reli ingeweza kung'oka juu ya taruma huku taruma limetulia zake chini. Ni vitu viwili tofauti. Nimefanya kazi za njia ya reli miaka kadhaa (ujenzi siyo uendeshaji) ngoja nieleze taratibu, niko na simu kwa hiyo mnivumilie.

FundiGeti anza na hii. Ukikaza bolti ya kawaida ikabana kwa nguvu ya tani moja, ile bolti yenyewe inavutika kiasi gani? Kidogo sana, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Maana yake kutu ikiliwa kidogo pale chini, au zege likisagika kidogo tu, au vumbi likitoka, ule mvutano wote umekwisha. Nati bado ipo, ukiitazama kwa macho unaona imekaa vizuri kumbe haibani kitu. Halafu mtikisiko ukija inaanza kuzunguka yenyewe.

Sasa kile kijichuma ulichokiona ni springi. Siyo pini. Ni chuma cha springi chenye unene kama wa kidole, na kukifikisha pale kilipo kinapindishwa kwa kama milimita 10 mpaka 13 hivi. Hapo kinabonyeza mguu wa reli kwa karibu tani moja, na vipo viwili kwa hiyo kila reli juu ya kila taruma inabonyezwa kama tani mbili. Sasa hesabu mwenyewe, raba iliyo kati ya reli na taruma ikiliwa milimita nzima, springi imepoteza moja ya kumi na mbili tu, bado inabana. Wewe bolti yako ingekuwa inaning'inia.

FundiGeti_Tabata
Ahaa. Kwa hiyo ni kama kibanio cha nguo, siyo fundo.

Pedi_na_Kokoto
Ndiyo mkuu, kibanio cha nguo kabisa.

MzeeWaGengi
Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa gengi la matengenezo ya reli ile ya zamani yenye upana wa mita moja, nimestaafu niko Gongo la Mboto. Huyu kijana wa kokoto anasema kweli niongeze kwa macho yangu.

Sisi tulianza na mataruma ya chuma. Kwenye kipande chetu reli ilishikwa na kabari, unaipiga nyundo mpaka inakaa. Sasa kabari ni kama bolti ya FundiGeti, haina springi, treni ya mizigo ikipita tatu nne inaanza kutoka. Kwa hiyo kila asubuhi kuna mtu mmoja kazi yake ni kutembea tu, kilomita zake zile, nyundo begani, anaangalia kabari iliyochomoka anairudisha. Mvua, jua, nyoka, yeye anatembea. Mpaka leo nikisikia chuma kinagongwa najua kama kimebana au kimelegea, kilichobana kinalia kwa ukali, kilicholegea kinalia kama sufuria lenye ufa.

Tulipoletewa zege na klipu, ndo hizo springi, tulidhani ni utani. Mwenzetu mmoja alisema hizi ni hereni. Lakini yule mtu wa kutembea hakuwa tena na kitu cha kurudisha kila siku.

BintiKurasini
Shikamoo mzee. Hereni 😂

MzeeWaGengi
Marahaba mwanangu.

Kijiwe_Sugu
Swali la kijinga, kwa nini zege haipigwi msumari kama mbao? Nimeona picha za zamani za Marekani jamaa wanapiga misumari na nyundo kubwa.

Pedi_na_Kokoto
Mbao inanyumbuka na inaukumbatia msumari, zege halifanyi hayo yote mawili. Kwa hiyo kwenye zege lazima kitu cha kushikia kizikwe mapema kiwandani, kabla zege halijakauka. Kuna namna kuu mbili. Moja, chuma cha kusubu kinazikwa, kinachomoza juu kama bega, klipu inaingizwa ubavuni mwake, hakuna skrubu kabisa. Hii asili yake ni injinia wa reli wa Norway, Per Pande-Rolfsen, na lile jina la Pandrol, kampuni ya klipu hizo, limetoka kwake, Pande na Rol. Ya pili ni ya Kijerumani, ndani ya zege inazikwa soketi ya plastiki yenye nyuzi za skrubu, juu inakaa springi yenye umbo kama herufi W, halafu skrubu moja ndefu inapita katikati kuibonyeza. Hapo skrubu ipo lakini kinachobana reli ni springi, skrubu inabonyeza springi tu.

Mataruma ya SGR kipande cha Dar–Moro yalikuwa yanamwagwa kambi ya Soga, waliowahi kupita kule wanakumbuka yale malundo.

Na chini ya reli kuna raba. Watu wanaisahau raba sababu haionekani. Ina unene wa milimita 5 mpaka 10 hivi. Bila raba unaweka chuma juu ya zege, vitu viwili vigumu vinagongana kila gurudumu linapopita, zege linasagika. Maji yakiingia pale pamoja na mchanga basi umetengeneza msasa, kila treni inasugua. Mwisho zege linachimbika chini ya reli, reli inalala upande.

FundiGeti nadhani umeshaona kwa nini zege lako lilipasuka.

FundiGeti_Tabata
Nimeona mkuu. Engo nimelilaza juu ya zege kavu kavu. Eeeh.

JiweLaPugu
Sawa nimekubali kwenye kubana. Ila mnataka kusema hizo klipu zinazuia pia reli isitanuke na jua? Chuma kikitaka kutanuka hakizuiliki na hereni. Mimi nimesoma fizikia.

Pedi_na_Kokoto
Hapa ndo patamu, na hapa ndo jibu la BintiKurasini.

Mlio wa ta-ta ni maungio. Reli za zamani ni vipande, kati ya kipande na kipande kuna uwazi, vimeungwa na vyuma vya pembeni na bolti. Uwazi ule ni wa kutanukia. Gurudumu likipita linaruka, ta-ta. SGR reli zimechomelewa zikawa moja ndefu, hakuna uwazi, hakuna ta-ta.

Sasa itanukie wapi? Haitanuki. Inataka kutanuka inazuiliwa, ule utanuzi unageuka kuwa nguvu ndani ya chuma. Reli ya kilo 60 kwa mita, kila nyuzijoto moja inayoongezeka inaleta kama tani 1.9 za msukumo. Ikipanda nyuzi 25 juu ya joto iliyofungiwa, ni kama tani 47 kwenye reli moja. Na jua la Dar reli inapita nyuzi 50 bila shida, hewa ikiwa 32 tu.

Jiwe anasema hereni haiwezi tani 47. Kweli, moja haiwezi! Kila reli juu ya kila taruma, klipu zake mbili kwa msuguano zinazuia reli isiteleze mpaka msukumo uzidi kama kilo 700, viwango vya Ulaya kwa njia za kawaida vinataka isipungue kilonyutoni 7, ndo hizohizo kilo 700. Gawa 47 kwa 0.7 unapata mataruma 67. Yakiwa kila sentimita 60 ni kama mita 40. Uhalisia ni ndefu zaidi sababu na taruma lenyewe linasogea kidogo kwenye kokoto, ila wazo ndo hilo. Kwa hiyo mwisho wa reli, makumi ya mita ya mwisho ndo yanapumua, yanasogea. Katikati hakuna kinachosogea kabisa hata kama ni kilomita mia, sababu kila kipande kinasukumwa na jirani wa kushoto na jirani wa kulia sawasawa. Watu kumi wamesimama kwenye foleni ya mwendokasi wanasukumana, wa katikati haendi popote. Anabanwa tu.

Kijiwe_Sugu
Mkuu mfano wa mwendokasi umenigusa mpaka mbavuni

JiweLaPugu
Sawa, sasa wa katikati akibanwa sana si anachomoka pembeni?

Pedi_na_Kokoto
Swali zuri kuliko yote humu. Ndiyo, anachomoka. Njia inapinda kama nyoka, na hapo ndo uzito wako wa taruma na kokoto za mabegani (zile za pembeni ya ncha za mataruma) zinapofanya kazi, umesema kweli mwanzo ila sehemu siyo yake. Klipu inaifanya reli na taruma viwe kitu kimoja, kokoto inalishika taruma. Ukiona watu wamechota kokoto pembeni ya reli kwenda kumwaga uani, wamepunguza huo mshiko.

Halafu joto la kufungia lina maana kubwa. Ukifunga klipu asubuhi reli ya baridi, mchana una msukumo mkubwa. Ukifunga saa nane mchana reli inachemka, usiku inavutika, na ikiwa na ufa inakatika. Kwa hiyo wanafungua klipu sehemu ndefu, wanaiacha reli ijinyooshe juu ya roli (vigurudumu vidogo), wanaileta kwenye joto lililopangwa (au wanaivuta kwa jeki), ndipo klipu zinarudi. Uingereza wanalenga nyuzi 27, nchi za joto lazima iwe juu ya hapo. Reli ikikatika kwenye baridi pia klipu ndo zinaamua ule mwanya uwe mdogo ambao gurudumu litavuka au mkubwa wa kutisha.

MzeeWaGengi
Mwanya nimewahi kuuona alfajiri moja. Vidole viwili. Sitasema wapi. Tulisimamisha treni kwa kitambaa chekundu na mbio za miguu.

BintiKurasini
Mzee tuandikie huo uzi wake peke yake tafadhali.

Mhasibu_Buguruni
Mimi si fundi ni mtu wa mahesabu. Kila sentimita 60 taruma moja, kilomita moja mataruma 1,667 hivi. Kila taruma klipu 4. Ni 6,668 kwa kilomita. Dar–Moro ukichanganya na njia za kupishania ilitajwa kilomita 300, ni klipu milioni mbili. Milioni mbili!! Sasa hebu nambie bolti zingekuwa milioni mbili za kukaza kila mwezi nani angekaza.

Pedi_na_Kokoto
Mhasibu umemaliza. Ndo maana dunia ilihamia springi. Siyo kwamba bolti haina nguvu, haina *mtu*.

Kijiwe_Sugu
Klipu moja ina uzito gani na chuma chakavu kilo shingapi kwa sasa… nauliza kwa ajili ya rafiki

MzeeWaGengi
Wewe mtoto usifanye utani huo. Tumeshakuta kipande mita thelathini klipu za upande wa nje zote hazipo, usiku mmoja. Kwenye kona. Reli kwenye kona inasukumwa nje na kila gurudumu, ukitoa za nje imebaki inasimama kwa hisani. Na ukijaribu kuzitoa bila kujua zinakujua wewe. Kijana wetu mmoja alipiga klipu vibaya ikaruka ikampiga kwenye ugoko, mfupa ulionekana. Ile imebeba tani, siyo hereni kama tulivyosema.

Kijiwe_Sugu
Nimekoma mzee. Samahani.

Saketi_Ilala
Mmesahau umeme. Kile kiplastiki kati ya klipu na reli, wengi hawakioni, ni nailoni. Zege likilowa linapitisha umeme kiasi, na ndani lina nondo. Njia nyingi za treni zinagundua treni ilipo kwa mkondo mdogo unaopita kwenye reli, magurudumu yakiziunganisha reli mbili taa inabadilika. Sasa kama reli ya kushoto na kulia zimeunganika kupitia klipu na taruma, mfumo utadhani kuna treni wakati hakuna. Na kwenye njia ya umeme kama SGR, mkondo ukishatumika kwenye treni unarudi kupitia hizohizo reli, hutaki upotelee njiani ovyo. Kwa hiyo raba chini na nailoni pembeni ni kinga ya umeme pia.

FundiGeti_Tabata
Kijidude kimoja kazi nne. Nilidhani Wazungu wamebana matumizi.

MzeeWaGengi
Jambo moja la mkono. Klipu za kugongea usipitilize. Vijana wapya wanapenda kupiga mpaka igote, wanaona ndo imekaza. Inatakiwa kubaki kauwazi kadogo kati ya mkunjo na lile bega, ukigotesha springi imeshanyooshwa zaidi ya uwezo wake, inabaki kuwa chuma tu. Mnyapara wetu alikuwa anatukata posho kwa hilo.

Pedi_na_Kokoto
Na za skrubu vivyo hivyo. Unakaza mpaka ule mkunjo wa katikati unakaribia kugusa, basi. Ukiendelea unang'oa nyuzi za ile soketi ya plastiki ndani ya zege, na taruma zima linakuwa tatizo. Kukaza mpaka spana ilie siyo sifa, FundiGeti 😄

FundiGeti_Tabata
Nimesoma mara mbili hiyo. Imenihusu.

Mhasibu_Buguruni
Na kwenye madaraja? Lile daraja refu la kutoka stesheni mjini, daraja nalo si linatanuka?

Pedi_na_Kokoto
Linatanuka, na halitanuki sawa na reli. Kwenye madaraja marefu kuna sehemu wanaweka klipu zenye kubana kidogo au zisizobana kabisa kwa urefu, reli inazuiliwa isinyanyuke na isiende pembeni, lakini daraja linaruhusiwa kuteleza chini yake. Ukibana kila mahali sawa unavunja ama reli ama nguzo.

Sasa turudi Kinyerezi. FundiGeti, engo lako la ngapi, urefu gani?

FundiGeti_Tabata
Hamsini kwa hamsini, unene milimita 5, mita 6. Limebanwa ncha zote mbili kwenye ukuta, nilibana ili lisisogee.

Pedi_na_Kokoto
Mita 6, tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na saa nane mchana, linataka kuongezeka milimita 2. Wewe umelinyima. Msukumo wake unafika kama tani tatu na nusu, toa kidogo sababu zege nalo linapata joto na kutanuka. Zinaegemea ukuta na bolti zako. Kila siku, kwenda na kurudi. Bolti haikulegea sababu hukukaza, ililegea sababu kila mchana kuna tani zinaitikisa.

Wewe siyo SGR, huhitaji reli moja ndefu iliyofungwa. Bana katikati tu. Bolti nyingine zote toboa tundu la engo liwe refu, kama yai, lipate kuteleza. Acha uwazi wa milimita 3 hivi kila ncha. Chini weka raba. Juu ya engo weka washa pana, halafu washa ya springi, kaza mpaka washa ya springi ilale, simama hapo. Zege lililopasuka usirudie tundu lilelile, hama sentimita 10.

JiweLaPugu
Raba aipate wapi ya kudumu?

MzeeWaGengi
Tairi chakavu la lori. Kata upande wa ubavu siyo wa kukanyagia, ubavu ni mwembamba na una nyuzi.

FundiGeti_Tabata
Nashukuru sana wakuu, mzee wangu shikamoo. Jumamosi naenda, nitaleta mrejesho.

Kijiwe_Sugu
Mrejesho wa mafundi wa Tabata tunaujua, hauji.

FundiGeti_Tabata
Mrejesho umekuja, Kijiwe kaa kimya.

Nimemaliza wiki tatu zilizopita sikutaka kuandika haraka. Nilikata engo kwa grenda nikaacha uwazi, matundu nimeyarefusha, ubavu wa tairi la Fuso nimeutoa Gerezani. Kazi ya siku moja na nusu, bolti zimebaki saba. Lori la mchanga limeingia mara mbili kumalizia ukuta wa nyuma, geti halina kelele. Juzi saa saba mchana nilipita nikapiga bolti na nyundo ndogo moja moja kama alivyosema mzee. Sita zimelia kwa ukali. Moja, ya karibu na lango, imelia kama sufuria lenye ufa, nikaikaza robo mzunguko.

Mteja alikuwa dirishani ananiangalia nimeinama nagonga nasikiliza, akatoka akaniuliza we fundi ndo umechanganyikiwa kabisa? Nikamwambia mama naangalia treni kama imeshapita. Amelipa nusu. Nusu nyingine anasema mpaka masika yapite.